Triga ya Glock 19 inakukwaruza kidole? Fanya hivi, hatua kwa hatua

Kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lilelile. Kanunua Glock 19, ana leseni yake, kaenda renji, akipiga boksi moja la risasi kidole kinamuuma, ncha imekuwa nyekundu, na triga anasema "iko nzito" au "iko kama ina mchanga ndani". Na jibu anapewa ni lilelile pia, nunua triga mpya ya aluminiamu, badilisha springi, weka konekta nyepesi (kibati cha ndani kinachochangia uzito wa triga). Mimi siafikiani na hilo jibu hata kidogo. Wengi wenye huo usumbufu shida yao haiko kwenye springi, iko kwenye kile kipande cha plastiki kinachogusa kidole na jinsi mkono unavyoshika bastola. Ukirekebisha hivyo viwili, mara nyingi kazi imeisha na hujagusa kitu chochote kinacholinda maisha ya mtu.

Mwongozo huu ni wa Glock 19 Gen3 na Gen4 (kizazi cha tatu na cha nne), maana ndizo zenye triga ya mifereji. Gen5 imetoka kiwandani na triga laini, mwenye Gen5 asome hatua ya kushika, kusafisha na mazoezi makavu (kubonyeza bila risasi za kweli), ya msasa aache.

Kwanini ina mifereji? Kwa kifupi tu. Marekani kuna sheria ya silaha ya mwaka 1968, na chini yake bastola inayoingizwa kutoka nje inahesabiwa pointi, lazima ifikishe 75. Glock 17 ni kubwa, inafika. Glock 19 ni ndogo zaidi ikapungukiwa, ikaongezewa vitu vya kuipa pointi, mojawapo ni triga ya mifereji inayohesabiwa kama triga ya kulengea shabaha. Kwa hiyo ile mifereji haikuwekwa kwa ajili ya raha ya kidole chako, na ukiilainisha hupotezi chochote katika ufanyaji kazi wa bastola.

Kabla hujaanza

Andaa hivi:

- Meza yenye mwanga wa kutosha na kitambaa cheupe, pini zikidondoka uzione
- Panchi ya Glock, ile ndogo ya milimita 2.4 hivi (inchi 3/32)
- Msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000, kipande kidogo cha kila mmoja
- Selotepu
- Markeri au hata chaki
- Mafuta ya bunduki, mswaki wa zamani, pamba za masikio
- Risasi bandia za mazoezi za 9mm, angalau mbili
- Mizani ya ndoano kama unayo, ile ya kupimia samaki inatosha
- Simu ya kupiga picha kila hatua

Na suala la sheria usiliruke. Kenya silaha yako iko chini ya Sheria ya Silaha Sura ya 114, Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na ndugu zetu walioko Marekani kila jimbo lina yake. Kabla hujafungua chochote zaidi ya usafi wa kawaida, uliza kwa duka lenye leseni ulikonunulia au kwa ofisi iliyokupa kibali. Kama umepewa bastola ya kazi, ya kampuni ya ulinzi au ya serikali, hiyo siyo mali yako, usiipige msasa, mpelekee fundi wao.

Hatua

1. Hakikisha haina risasi, halafu hakikisha tena

Toa magazini KWANZA. Halafu vuta slaidi nyuma mpaka mwisho, ifunge pale nyuma, angalia ndani ya chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uguse. Risasi zote, za magazini na za boksi, zipeleke chumba kingine kabisa, usiziweke kwenye droo ya meza hiyohiyo.

Hapa nasisitiza kwa sababu moja. Glock ili uifungue lazima ubonyeze triga kwanza, ndivyo ilivyoundwa. Mtu anavuta slaidi wakati magazini bado imo, risasi inatoka moja na nyingine inaingia, halafu anatoa magazini akiamini iko tupu, anabonyeza ili aifungue, inalia ndani ya nyumba. Mpangilio ni magazini kwanza, slaidi baadaye, na hata ukishajiridhisha bado mtutu uelekeze mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Ukuta wa matofali ndiyo, ukuta wa mbao wenye chumba cha watoto nyuma yake hapana.

2. Jua kwanza kinachokuudhi ni nini

Watu wanaruka hii hatua na ndiyo yenye faida kuliko zote. Chukua markeri, paka wino uso wa triga wote, mifereji na kile kiulimi cha katikati. Shika bastola kama unavyoshika renji, bonyeza taratibu mara chache ukivuta slaidi kila baada ya kubonyeza. Sasa angalia kidole.

Wino ukiwa katikati ya ncha ya kidole, kwenye ile nyama laini, kidole kiko mahali pake na shida ni mifereji yenyewe. Wino ukiwa kwenye kiungo cha kwanza, umeingiza kidole sana. Ukiwa pembeni kabisa ya ncha karibu na kucha, hukifikishi, mshiko ni mkubwa kwako. Kukiwa na mstari mmoja mweusi mkali katikati, kiulimi cha usalama kinachomoza na ndicho kinachokukata. Na kama unahisi ncha ya kidole inabanwa chini, kati ya triga na kinga yake, basi kidole unakiweka chini mno, kipandishe juu kidogo.

Kuna la sita ambalo halihusu kidole cha triga. Kama kinachouma ni kidole cha kati, pale kwenye fundo juu, kinasuguliwa na kona ya chini ya kinga ya triga. Hili ni lalamiko maarufu sana la Glock, wapigaji wa muda mrefu wana sugu pale. Msasa wa triga hautalisaidia hata kidogo.

Kama una mizani, pima sasa na uandike. Ndoano katikati ya triga, vuta nyuma taratibu mpaka iachie, rudia mara kadhaa uchukue wastani. Glock ya kawaida ya vizazi hivi iko karibu na kilo 2.5. Ikikupa karibu na hapo triga yako haina ugonjwa, ndivyo ilivyo, na ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa bastola ya kubeba. Usiilinganishe na bastola ya upepo ya Olimpiki ya mita 10, ile kiwango chake cha chini ni gramu 500, lakini inashikwa na mtu aliyesimama kwenye mstari anatazama karatasi, haiko kiunoni matatu ikigonga matuta.

3. Rekebisha mshiko kabla ya kugusa triga

Mwenye Gen4, kwenye boksi kuna vipande vya nyuma ya mshiko ambavyo wengi hawajawahi hata kuvitoa kwenye nailoni. Bila kipande mshiko ni mfupi, kuna cha kuongeza milimita 2 (hicho kinakupa saizi ya kawaida ya zamani) na cha milimita 4. Mkono mdogo, toa kipande kabisa. Mkono mkubwa ambao kidole kinapitiliza, weka cha 4. Ukiweka kipande utahitaji ile pini ndefu ya nyuma iliyokuja nayo, usilazimishe ile fupi.

Mwenye Gen3 hana vipande, yeye acheze na mkono. Pandisha kiganja juu kabisa mpaka ile nyama kati ya gumba na shahada ikae chini ya mkia wa fremu, bila nafasi. Kisha rudia jaribio la wino. Wapo watakaoishia hapa, kidole kimekaa sawa na maumivu yameisha, basi funga kazi.

4. Safisha, tia mafuta kidogo

Ile hisia ya "mchanga ndani" mara nyingi ni uchafu kweli. Fungua bastola kawaida, toa slaidi, mtutu na springi yake. Kwa mswaki safisha sehemu ya nyuma ya fremu ambako kuna ile nyumba ya triga, unga mweusi wa baruti unajikusanya pale na ukichanganyika na mafuta mengi unakuwa uji.

Halafu tone MOJA la mafuta kwenye kona ya nyuma kulia ya fremu, pale baa ya triga (kile chuma kirefu kilichoungana na triga) inapogusana na konekta. Tone hilo lina kazi kubwa kuliko vitu vingi vya kununua, Glock wenyewe wanalielekeza kwenye kitabu chao na watu hawalisomi. Njia ya pini ya kugonga risasi, ile ya ndani ya slaidi, iache KAVU, mafuta pale yanabeba uchafu na pini inapoteza nguvu ya kugonga. Walioko Mombasa, Tanga, Dar, chumvi ya hewa inakula chuma, futa mara kwa mara lakini usiloweshe.

Irudishe, jaribu. Bado inakwaruza? Twende msasa.

5. Toa triga kwenye fremu

Unaweza kupiga msasa triga ikiwa ndani ya fremu lakini vumbi la plastiki linaingia kila mahali, mimi naona kuitoa ni bora. Kama hujawahi kutoa pini, mwombe fundi wa dukani akuoneshe mara ya kwanza.

Slaidi ikiwa imeshatoka, piga picha pande zote. Pini ndogo ya juu ya mbele (ya loki, kile kipande cha chuma ambacho mtutu hujifungia) inatoka kwanza. Kisha pini ya triga chini yake, ukiwa unaisukuma tikisa kile kijiti cha kufungia slaidi mbele na nyuma, pini ina mifereji inayojishika pale, ukiipiga nyundo bila kukitikisa utaiharibu. Halafu pini ya nyuma. Inua kijiti cha slaidi na loki, kisha triga na nyumba yake vinatoka pamoja. Piga picha ya ile springi ndogo jinsi ilivyoning'inia na ndoano zake zimeangalia wapi, maana ikikuchomoka utaihitaji hiyo picha sana.

6. Msasa

Weka selotepu upande wa nyuma wa triga ili vumbi lisijae kwenye mpasuo wa kiulimi. Kata msasa vipande virefu vyembamba, upana kama wa kidole. Anza na namba 400 ulioloweshwa maji, zungusha kipande mbele ya triga ukivuta huku na huku kama fundi viatu anavyong'arisha na kitambaa. Hii njia inafuata mviringo wa triga. Ukitumia msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao utapata uso bapa wenye kona mbili, na hizo kona zitakuuma kuliko mifereji.

Vuta mara kumi, osha, futa, pitisha kidole. Rudia. Lengo ni kuondoa ncha kali za mifereji, siyo kuifuta mifereji yote. Hili ndilo kosa linaloharibu triga nyingi, mtu anataka iwe kioo, anakula plastiki mpaka inakuwa nyembamba na kiulimi kinabaki kimechomoza juu ya uso, sasa kinamkata vibaya zaidi ya mwanzo. Ukiona mifereji imebaki kama mistari hafifu na ukipitisha kidole hakikwami, acha namba 400. Pita 600, halafu 1000, umalizie na 2000. Kona za pembeni za triga, kulia na kushoto, zipitie kidogo pia, watu wanazisahau na ndizo zinazoshika ngozi wakati kidole kinaingia.

Usitumie drili ya kuzungusha. Plastiki inayeyuka sekunde moja tu na hairudi.

7. Kiulimi cha usalama

Kiulimi kikibonyezwa kinatakiwa kiwe sawa na uso wa triga au kizame kidogo. Kama kinabaki juu, unaruhusiwa kulainisha zile kona mbili za MBELE tu kwa namba 1000, kidogo sana, ziwe mviringo. Sehemu ya nyuma, ile inayogonga fremu na kuzuia triga isirudi, usiiguse kwa chochote. Hiyo ni mojawapo ya usalama tatu za Glock, zingine ni ya pini ya kugonga na ya kudondoka, na hakuna raha ya kidole inayolingana na thamani yake.

8. Polishi, kama unataka tu

Wapo wanaopenda kung'arisha vyuma vya ndani. Inasaidia kiasi, hasa bastola mpya. Pamba ya masikio, polishi ya chuma kidogo, kwa mkono, sugua pale baa ya triga inapopita kwenye konekta na ule ukuta wake mdogo unaosukuma usalama wa pini. Lengo ni king'ae, siyo kupungua. Ukimaliza futa polishi YOTE, ikibaki inasaga chuma kila ukibonyeza.

Kile kibati cha nyuma chenye umbo la msalaba, kinachoshika pini ya kugonga, ondoa mikono hapo. Pembe ya konekta usiikunje. Bastola zinazojifyatua zenyewe au kupiga mbili mfululizo huwa zimechezewa sehemu hizo. Kama huna uhakika unatazama kipande gani, ruka hatua hii nzima, mpigaji wa kawaida bado atapata nafuu kubwa kwenye hatua ya 3, 4 na 6.

9. Rudisha na ukague

Osha triga kwa maji na sabuni, kausha vizuri, bonyeza kiulimi uone kinarudi chenyewe haraka bila kukwama. Rudisha kwa mpangilio wa nyuma, pini ya triga inaingia kwanza, ya loki ya mwisho.

Kabla hujarudisha slaidi kwenye fremu, kagua usalama wa pini ya kugonga. Shika slaidi mkononi, vuta kile kigingi cha pini nyuma, kirudishe mbele taratibu, kisha kisukume mbele kwa nguvu. Ncha ya pini isitokeze. Bonyeza kile kibonyezo cha duara, sasa pini iende mbele kwa uhuru.

Funga slaidi, bastola tupu, na ukague hivi:

- Vuta slaidi. Jaribu kurudisha triga nyuma kwa kuibonyeza pembeni bila kugusa kiulimi. Isiende. Ikienda, bastola hiyo haitumiki.
- Bonyeza triga kawaida, ilie. Ishikilie nyuma, vuta slaidi uiachie, sasa legeza triga pole pole mpaka usikie "tk" ya kurudi. Bonyeza tena, ilie tena. Rudia mara nyingi.
- Pima na mizani. Kama umefanya msasa tu uzito usiwe umebadilika sana. Ikishuka ghafla kuna kitu umekigusa au hukukirudisha sawa.

10. Mazoezi makavu, halafu renji

Tia risasi bandia, chagua alama ukutani (ukuta uleule wa tofali), na ubonyeze taratibu. Triga ya Glock ina mchezo wa mwanzo, unaenda kilaini, kisha unafika kwenye ukuta, kisha inaachia. Wengi wanaosema nzito wanaipiga yote kwa mkupuo mmoja. Chukua ule mchezo wote, simama kwenye ukuta, ongeza nguvu mpaka ikushtukize. Dakika kumi jioni kwa wiki chache, vyuma vinajilainisha vyenyewe na kidole kinazoea. Kwa uzoefu wangu hii inabadilisha hisia ya triga kuliko kitu chochote cha kununua.

Renji siku ya kwanza usijaze magazini. Weka risasi moja, piga. Halafu mbili, piga moja moja. Ukiridhika kwamba inapiga moja kwa kila kubonyeza, ndipo uongeze.

Mambo yanayokwama

*Triga hairudi mbele.* Springi ya triga imekaa vibaya au imetoka kwenye ndoano. Fungua, linganisha na picha zako.

*Inarudi lakini inakwamakwama.* Vumbi la msasa au kipande cha selotepu kwenye mpasuo wa kiulimi. Osha tena.

*Kijiti cha slaidi hakichezi, slaidi inafunga nyuma yenyewe.* Springi yake ndogo imekaa juu ya pini ya loki badala ya chini. Toa pini mbili za mbele uirudishe.

*Kidole bado kinauma na uso ni laini kabisa.* Rudi kwenye wino. Karibu kila mara kidole kiko chini mno au unakamata kwa nguvu kupita kiasi.

*Fundo la kidole cha kati.* Plasta ya kitambaa kwenye kidole siku ya renji, punguza kusukuma mkono juu kidogo tu. Kuna wanaochonga kona ya kinga ya triga, inafanya kazi, lakini hiyo ni fremu na hairudi, mwachie fundi.

*Msasa umezidi, kiulimi kimechomoza.* Usikichonge kukifuatisha. Nunua triga mpya na baa yake, triga laini ya Glock 17 ya kizazi kilekile inaingia kwenye 19. Ya Gen5 haikai kwenye Gen3 wala Gen4, usiuziwe.

*Umeweka springi nyepesi na sasa risasi zingine hazilii, kitako cha risasi kina alama hafifu.* Springi ya pini ya kugonga imekuwa dhaifu. Rudisha ya kiwandani. Na ikitokea renji, bonyeza, isilie, subiri mtutu ukiwa mbele kwa nusu dakika kabla hujavuta slaidi.

*Imepiga mbili kwa kubonyeza mara moja, au imeshindwa jaribio lolote la hatua ya 9.* Toa magazini, hakikisha chemba tupu, funga kwenye boksi, peleka kwa fundi mwenye leseni na umweleze bila kuficha ulichosugua na wapi.